Siku ya Ishirini na Tisa

Ilikuwa nchi, na nchi hiyo ilikuwa inawahi. Jina lake Jamhuri ya Mapema. Usiitafute kwenye ramani, kwa maana waliochora ramani walichelewa. Wenyeji wake walikuwa watu kama sisi, wenye nyumba za matofali na mabati, wenye maradhi na ndugu wa mbali. Tofauti ilikuwa moja tu: katika nchi ile hakuna jambo la serikali lililopata kuchelewa hata siku moja. Tunasema hivyo kwa sababu imeandikwa, tena kwa rangi nyekundu, juu ya mlango wa Wizara ya Nyumba na Muda.

Zamani haikuwa hivyo. Zamani mtu akiuza nyumba aliweza kuoa, kuzaa na kumpeleka mtoto shule kabla hati haijatoka. Dalali aliyeijua kazi aliweza kuifupisha safari hiyo ikawa ya miezi mitatu, na aliyeijua kuliko wote alikuwa mwanamke mmoja, Perpetua Mngodo.

Perpetua hakuwa na maneno mengi. Hakuhonga, na si kwa utakatifu. Aliona ni njia ndefu: ukimpa mmoja, wanne wanasikia harufu. Njia yake ilikuwa kukaa. Alikuja na nakala nne za kila karatasi, picha ndogo za muuzaji na mnunuzi, kidau cha wino wa kidole, na mto alioushona mwenyewe. Aliuweka mto juu ya benchi mbele ya karani, akaketi, akamtazama. Karani akinywa chai, alimtazama akinywa. Karani akipiga miayo, naye alipiga. Ikifika saa tisa karani alikuwa ametia saini, kwa kuwa hata nyumbani kwake hakuna aliyewahi kumtazama muda mrefu namna ile. Nyumba mia moja na kumi na mbili zilipata wenyewe wapya kwa mto huo.

Kisha Mheshimiwa Waziri akasafiri. Alikwenda kwenye mkutano wa mawaziri wa nyumba wa nchi nyingi, na huko kila mmoja aliulizwa: kwenu nyumba huuzwa kwa siku ngapi? Mmoja akasema arobaini, mwingine ishirini. Zamu ya Waziri wetu ilipokaribia aliomba kwenda msalani, na hakuonekana tena mpaka watu walipokuwa wanakunja viti.

Aliporudi aliita wananchi uwanjani.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Kuanzia leo mauzo ya nyumba yatakamilika ndani ya siku thelathini. Si thelathini na moja! Wataalamu wangu wamejaribu kuiharakisha kazi, wameshindwa, nami nawapongeza kwa kujaribu. Lakini tukajiuliza: adui yetu hasa ni nani? Ni siku! Siku zinakimbia hovyo, hazina nidhamu, hazimsubiri mtu! Basi sasa kazi itakwenda mwendo wake, na siku ndizo zitakazoisubiri!"

Watu walipiga makofi. Ni kweli waliletwa kwa malori ili wapige makofi, lakini tusiwaonee, wengine walipiga kwa hiari.

Tangu hapo kila faili la nyumba lilishonewa kalenda yake pembeni, ile ya karatasi za kuchana. Karatasi haikuchanwa mpaka kazi ya siku hiyo imekwisha. Kazi ikikwama, siku nayo ilikwama, na hivyo hakuna faili lililovuka thelathini. Na kwa kuwa serikali haiwezi kumpa mtu mmoja tarehe mbili, muuzaji na mnunuzi walitakiwa kuishi katika tarehe ya faili lao mpaka lifungwe. Madalali walisamehewa. Wao wana mafaili mengi, na hata Wizara iliona kwamba mtu hawezi kuwa na tarehe kumi.

Mwaka wa kwanza wa sheria hiyo, Perpetua alipewa Nishani ya Kuwahi. Aliifunga kwenye kitambaa akaiweka chini ya godoro, asiitazame.

*

Mzee Zefania Lukindo alikuwa mstaafu wa shirika la maji. Mkewe, Bi Yusta, alipika mandazi miaka thelathini na minane, akaacha alipopata ugonjwa wa tumbo, ule ambao daktari aliutaja huku anatazama dirishani. Hawakuwa na mtoto. Bi Yusta alikuwa na dada mmoja, Bi Foibe, aliyeishi Lumbila, milimani, siku nzima kwa treni. Ombi lake lilikuwa hilo moja: afe akiwa kwa Foibe. Hakulisema kwa machozi. Alilisema kama mtu anayeagiza chumvi.

Lakini huko Mapema mtu hawezi kuhama mji kabla hajauza nyumba yake. Akiondoka, maswali ya nyumba ataulizwa nani? Kibali cha kusafiri hugongwa muhuri siku ya thelathini, faili linapofungwa.

Ndiyo maana tarehe mbili Machi Perpetua alikuwa amekaa sebuleni kwao, kalamu mkononi.

"Nyumba niiandike kwa jina la nani, mzee?"

"Langu na la Yusta."

"Mzee wangu, jina moja hufunga haraka. Majina mawili ni saini mbili, vidole viwili, na mkaguzi wa kuuliza kama mnapendana."

"Mwandikie la kwake tu, mwanangu," Bi Yusta aliita kutoka chumbani. "Mimi si wa kuandikwa tena. Mimi ni wa kufutwa."

"Nyamaza wewe," Mzee Zefania alisema, kisha akamgeukia Perpetua na kushusha sauti. "Kila tofali unaloliona hapa lilianza likiwa andazi. Mimi nilikuwa nabeba tu. Andika Yusta."

Perpetua alijua. Miaka ishirini na sita ya kazi ilikuwa imemwambia: jina moja, jina moja. Kalamu ilisimama kidogo hewani. Kisha akaandika majina yote mawili, kwa mwandiko mzuri, na hilo ndilo kosa pekee alilowahi kulifanya katika kazi yake.

Alipoingia chumbani kuchukua alama ya kidole, Bi Yusta alimshika mkono.

"Siku ngapi?"

"Thelathini, mama. Siku ya thelathini unapanda treni."

"Haya. Nitajitahidi nizifikishe."

*

Perpetua alikaa. Tunaweza kuapa kwamba hakuna dalali aliyewahi kukaa vile. Msajili wa mauzo alikuwa Bwana Ndimbo, mtu mnene, mwenye adabu, aliyefahamiana naye tangu wote wawili walipokuwa wembamba. Kila siku Bwana Ndimbo alitazamwa, na kila siku alichana karatasi moja. Siku ya tano ikawa tano kweli. Siku ya ishirini ikawa ishirini. Makarani walikuja kuchungulia, maana tangu sheria ianze walikuwa hawajaona faili linalotembea sawa na jua. Mnunuzi naye, mwalimu mmoja aitwaye Lwiza, alikuwa ameshapima madirisha kwa ajili ya mapazia.

Tarehe thelathini Machi, Jumanne, siku ya ishirini na tisa, kulibaki jambo moja: ufagio.

Huko Mapema kulikuwa na desturi ya tangu mababu. Mwanamke anayehama nyumba huifagia kutoka jikoni mpaka mlango wa mbele, asimwachie anayeingia magomvi yake na maradhi yake. Bibi zetu walifagia kwa ufagio wowote uliokuwa karibu, wakaondoka. Serikali ilipoona desturi hii ni njema, iliichukua. Ikaunda Ufagio wa Taifa, mmoja, wenye mpini wa mpingo na utepe wa rangi za bendera, ukaaye ndani ya kabati la kioo. Ufagio huo ulipelekwa kila nyumba yenye jina la mwanamke kwenye faili, kwa gari lenye king'ora, mwenye nyumba wa kike akafagia nao mbele ya Msajili, ndipo Hati ya Ufagio ikatolewa.

Perpetua alilitazama kabati. Lilikuwa tupu.

"Umesafiri," Bwana Ndimbo alisema. "Umealikwa maonyesho ya utamaduni, ng'ambo. Umekwenda na ujumbe wa watu kumi na wanne."

"Unarudi lini?"

"Karibuni."

"Ndimbo, yule mama ni mgonjwa. Ana ufagio wake wa nyasi nyuma ya mlango. Afagie leo, kesho apande treni."

"Dada Perpetua." Alionekana ameumia kweli. "Unataka taifa lifagie kwa nyasi?"

"Basi nitakaa."

"Kaa, dada yangu. Siku si zako, si zangu. Leo itakuwepo tu."

Na kweli leo ilikuwepo. Ilikuwepo Aprili yote. Ilikuwepo Mei.

*

Watu hudhani kuishi siku moja muda mrefu ni kazi ngumu. Si ngumu, ina taratibu zake. Pasaka ilipofika, Mzee Zefania na Bi Yusta walizuiwa mlangoni mwa kanisa na askari mpole.

"Kwenu leo Jumanne, wazee wangu. Bwana hajafufuka bado."

Mwalimu Lwiza, ambaye naye alikuwa tarehe thelathini Machi, alifundisha somo la siku hiyo kwa miezi mitano. Lilikuwa somo la sehemu, nusu na robo na thumni, na mpaka leo hakuna watoto katika nchi ile wanaoweza kugawa chungwa kama wale.

Mtaani watu walizoea. Jirani akikutana na Mzee Zefania bombani humuuliza, "Bado mko ile ile?" naye hujibu, "Ile ile, baba. Na wewe?" Jirani husema, "Sisi tuko tarehe saba Juni, mauzo ya shamba la shemeji." Kisha kila mmoja hubeba ndoo yake na kurudi katika mwezi wake.

"Ona," Bi Yusta alimwambia Perpetua, "nimepata dawa ya kutozeeka."

Ugonjwa peke yake ndio haukuwa umesoma tangazo. Ulikwenda na siku za nje, tena kwa haraka. Mzee Zefania alipokwenda duka la dawa la serikali kuchukua vidonge vya maumivu, mhudumu alifungua daftari.

"Bi Yusta, tarehe thelathini Machi. Asubuhi amepewa, mchana amepewa, jioni amepewa. Dozi ya leo imekwisha, mzee. Aje kesho."

"Kesho ni lini, mwanangu?"

"Hilo waulize Wizara," alijibu, na kwa kweli alijibu kwa heshima.

Basi Perpetua, ambaye alikuwa na tarehe ya watu wote, alianza kuugua. Alikwenda duka la dawa akajishika tumbo, akaandikiwa vidonge kwa jina lake, akavipeleka kwa Bi Yusta kwenye mfuko wa sukari. Aliugua hivyo Mei, Juni, Julai na nusu ya Agosti. Asubuhi alikaa juu ya mto wake Wizarani, mbele ya kabati tupu. Jioni alikaa juu ya kigoda kando ya kitanda. Alikuwa hajawahi kukaa na mteja muda wote huo. Kwa kawaida, siku ya thelathini yeye na mteja hupeana mikono na kusahauliana.

Jumatano moja Bi Yusta aliamka ana nafuu kidogo, akaomba aketishwe.

"Huko nje leo tarehe ngapi?"

"Kumi na nane Agosti, mama."

"Lumbila baridi itakuwa inaondoka. Foibe atakuwa ametoa magodoro juani. Yule hawezi kuona jua akaacha godoro ndani." Alivuta pumzi mara mbili. "Usimwambie Zefania. Mimi hiyo siku ya thelathini nimeshaiingia."

"Mama, ufagio unarudi wiki hii. Nimeambiwa na dereva wa Waziri."

"Najua, mwanangu. Wewe hujachelewa. Wewe ulikaa."

Alfajiri ya Alhamisi alikuwa amekufa, uso umeelekea ukutani, kama mtu anayemsikiliza mwenzake wa chumba cha pili.

*

Majirani walileta viti na sufuria, kama inavyopasa. Wanawake walipoanza kulia, mwenyekiti wa mtaa alifika mbio, shati halijafungwa vifungo.

"Jamani, jamani! Mnalia nini?"

"Mama amefariki," Mzee Zefania alisema.

Mwenyekiti alitoa daftari mfukoni, akatafuta kwa kidole. Akalifunga polepole.

"Bado, mzee."

"Amefariki leo alfajiri. Nenda ukamwone."

"Sikatai kumwona. Nasema bado. Mama yuko thelathini Machi, na thelathini Machi alitia kidole mwenyewe kwenye daftari hili, alama hii hapa. Kufanya matanga ya mtu aliye hai ni uchochezi. Nawaomba viti virudi."

Viti vilirudi. Sufuria zilibaki, kwa sababu serikali haikatazi mtu aliye hai kupikiwa maharage.

Hospitali ilikuwa na huruma zaidi. Ilikubali kumpokea mochwari, ila si kama marehemu. Alifungwa kikaratasi kwenye kidole cha mguu: ANAPUMZIKA. Hakuna cheti, na bila cheti hakuna kibali cha kaburi, na bila kibali mlinzi wa makaburi hafungui geti. Mhudumu alimwambia Perpetua kando kwamba umeme unakatika mara nyingi, na kwamba wanaopumzika hawawezi kupumzika hapo zaidi ya siku mbili.

Alikwenda Wizarani bila mto. Bwana Ndimbo alipoona anasimama alijua kuna jambo.

Kabati lilikuwa limejaa. Ufagio ulikuwa ndani, umevishwa shada la maua.

"Umerudi jana usiku," alisema Bwana Ndimbo, akatabasamu. "Umepata zawadi ya pili."

Perpetua aliutazama. Tunajua alichokuwa anahesabu, maana sisi wote tungekihesabu: saa ngapi zilikuwa kati ya uwanja wa ndege na ile alfajiri.

"Yule mama amekufa, Ndimbo."

"Bado."

"Usiniambie bado. Wewe unanijua."

Bwana Ndimbo alitazama mlango, kisha akainama mezani. Sauti yake ilikuwa ya zamani, ya siku za wembamba wao. "Nakujua. Sikiliza. Kumfisha ni rahisi. Faili lifungwe, karatasi zichanwe mpaka leo, afe leo, azikwe kesho kwa heshima zote. Ninachotaka ni Hati ya Ufagio. Afagie."

"Nani afagie?"

"Mwenye nyumba wa kike. Jina liko kwenye faili."

"Jina nililiandika mimi."

"Ndiyo," Bwana Ndimbo alisema taratibu. "Ningekuwa wewe ningeandika moja."

*

Ijumaa saa nne king'ora kilisikika mtaani. Ufagio ulishuka kwanza, ukafuatwa na Bwana Ndimbo, akafuata mpiga picha. Ndani ya sebule tupu walisimama watu wawili: Mzee Zefania katika koti lake la ndoa, na Perpetua, amejifunga kanga ya Bi Yusta iliyotundikwa nyuma ya mlango wa jikoni.

Bwana Ndimbo alifungua faili. "Zefania Lukindo, yupo?"

"Nipo."

"Yusta Lukindo, yupo?"

Bwana Ndimbo hakuinua macho. Alikuwa mtumishi mzuri wa umma, alijua wakati wa kusoma karatasi.

"Nipo," Perpetua alisema.

Alivua viatu, akaupokea ufagio, akaanzia jikoni. Ufagio wa Taifa haukuwa umetengenezwa kwa vumbi, ulikuwa unateleza juu yake. Aliinama, akaushika karibu kabisa na nyuzi, akafagia kama watu. Yalitoka punje tatu za maharage, kidonge kimoja cha maumivu, unywele mweupe mrefu uliojiviringisha kwenye utepe wa bendera. Aliufungua utepe, akautoa unywele, akauweka kwenye kiganja. Mpiga picha alitaka apige tena, akaombwa asipige.

Mzee Zefania alikuwa anamfuata kwa macho. Perpetua alipofika chumbani alipita haraka, kwa aibu ya kuingia mahali pa kitanda.

"Yusta," Mzee alisema ghafla, kwa sauti ya mtu aliye nyumbani kwake. "Kona ile. Hujawahi kuiacha kona ile."

Perpetua alirudi, akaifagia kona. Machozi yalimshuka yakalowesha mpini wa mpingo, na kwenye ripoti iliandikwa kwamba muuzaji aliguswa na uzalendo.

Faili lilifungwa siku ya thelathini, yaani tarehe thelathini na moja Machi, kwa wakati. Kisha Bwana Ndimbo akachana karatasi zilizobaki mpaka ya leo, mia moja na arobaini na mbili, kwa mikono miwili, Pasaka na sikukuu ya wafanyakazi na zote, zikaanguka juu ya sakafu iliyotoka kufagiwa. Mwalimu Lwiza, aliyekuwa anangoja nje, aliingia Agosti kwa mguu wa kulia akaanza kuangalia mabati.

"Sasa cheti chake," Perpetua alinong'ona. "Umesema atakufa jana."

Bwana Ndimbo alikausha paji la uso. "Dada. Mpiga picha amekupiga. Yusta Lukindo amefagia leo saa nne na nusu mbele ya Msajili. Hawezi kuwa alikufa jana."

"Ndimbo!"

"Ngoja. Kuna jambo jingine. Sheria inataka siku ya kufunga dalali awepo. Akikosekana bila sababu, faili linarudi ishirini na tisa." Alikohoa. "Sababu inayokubalika ni moja. Sasa mimi nina mtu aliyekufa asiye na jina, na nina jina lisilo na mtu. Niambie niandike nini. Sikulazimishi."

Perpetua alimtazama Mzee Zefania. Mzee alikuwa amepiga magoti, anaokota zile karatasi za siku moja moja, anazipanga.

"Andika," Perpetua alisema.

Kibali cha kumzika dalali Perpetua Mngodo kilitoka kwa robo saa. Ni rekodi ya taifa mpaka sasa.

*

Alizikwa siku hiyo hiyo, saa kumi, na Mheshimiwa Waziri alikuja, maana marehemu alikuwa na Nishani.

"Huyu mama," alisema Waziri juu ya kaburi, "hakuchelewa! Hata leo, ndugu wananchi, kuna wafu wanaokaa siku tatu, siku nne, wanasubiri ndugu. Yeye jana kafa, leo yumo! Amewahi mpaka kaburini!"

Majirani wa Perpetua walikuwepo. Walimwona amesimama kando ya Mzee Zefania katika kanga, hai kabisa, wakamtazama, wakatazama msalaba wenye jina lake, wakainamisha vichwa. Walikuwa watu wa nchi ile.

Mzee Zefania aliitwa aseme machache, kama mteja wa mwisho wa marehemu. Alikwenda mbele, kofia mkononi.

"Huyu dalali," alianza, akasimama. "Huyu dalali aliamka saa tisa usiku miaka thelathini na minane kukanda unga. Alikuwa anaimba akidhani nimelala. Alinichagulia shati. Nikikasirika ananiwekea chai mlangoni, hasemi neno, nachukua mwenyewe. Kuna siku nilimwambia hatukujaliwa mtoto kwa sababu yake, mwaka wa sabini na tisa. Hakunijibu. Nilikuwa nangoja siku nzuri nimwombe msamaha." Alivaa kofia, akaivua tena. "Alikuwa dalali mzuri."

Waziri aliguswa, akamuuliza katibu wake kama madalali wote wanatoa huduma ya namna hiyo.

Udongo ulipoanza kushuka, Mzee alipiga goti, akasema jina ndani ya shimo, chini sana, mara moja. Aliyekuwa karibu naye alilisikia. Halikuwa jina la msalabani.

*

Kibali cha kusafiri kilikuwa kimetoka na faili: Zefania Lukindo na mke, kwenda Lumbila, Jumamosi. Nyumba haikuwa yao tena, hawakuwa na pa kulala zaidi ya siku moja.

"Foibe hajui," Mzee alisema stesheni. "Hawakuniruhusu kumpelekea habari ya jambo lisilotokea."

"Nitakwenda na wewe," Perpetua alisema. "Kibali kina watu wawili. Ukienda peke yako watakurudisha ukatafute mwenzako."

Jambo ambalo hawakulijua ni kwamba Wizara, kwa ukarimu wake, hupeleka simu ya maandishi kwa kila mwenyeji anayepokea wageni wa siku ya thelathini. Bi Foibe aliipata Ijumaa jioni: YUSTA ANAFIKA KESHO. AMEWAHI.

Lumbila kulikuwa na baridi bado. Kwenye jukwaa la stesheni alisimama mwanamke mrefu, wa miaka kama sabini, mwenye shingo ile ile ya Bi Yusta. Alikuwa amekuja na kiti cha nyumbani chenye mto, na vijana wawili wa kukibeba, na blanketi. Alipomwona Mzee Zefania anashuka alipiga kigelegele, kifupi, kama msichana.

"Shemeji! Mshushe polepole! Njooni na kiti, nyie, mnashangaa nini? Yuko wapi? Amelala?"

Mzee Zefania alivua kofia. Perpetua alishuka nyuma yake, na Bi Foibe akampisha, akamshukuru kwa kumsindikiza mgonjwa, akaendelea kutazama mlango wa behewa. Walishuka wanafunzi. Alishuka mtu na kuku. Kisha hakushuka mtu.

Karani wa stesheni alikuja na daftari, anawahi kufunga.

"Wageni wa Wizara! Zefania Lukindo?"

"Nipo," Mzee alisema.

"Yusta Lukindo?"

Bi Foibe aligeuka upesi, uso umefunguka wote, anatafuta sauti itatokea wapi.

Ikatokea kando yake, kwa mgeni aliyevaa kanga ya dada yake. "Nipo," Perpetua alisema, na karani akagonga muhuri, akafunga daftari, akaenda zake.

Bi Foibe alimtazama mwanamke yule kwa muda mrefu. Aliitazama kanga. Akamtazama shemeji yake, aliyekuwa anaangalia reli. Treni ilipiga honi, milango ikafungwa mmoja mmoja mpaka wa mwisho, na vijana walikuwa bado wamekiinua kile kiti hewani, hawajui wakiweke wapi.

"Wekeni chini," Bi Foibe aliwaambia.

Kisha akamgeukia Perpetua, akamshika kanga kifuani kwa mikono miwili, wala hakumvuta.

"Lini?"

Katika kazi yake Perpetua aliulizwa swali hilo kila siku kwa miaka ishirini na sita, na hakukosa tarehe ya kumpa mtu. Alikaa chini, hapo hapo sakafuni, na Bi Foibe akakaa naye.